Mguu Aliouona Nabii

Ile video niliiangalia mara moja tu, na mara moja ilinitosha. Nilikuwa napiga pasi shati la mteja hapa dukani kwangu Mlolongo, simu ikalia, nikaona ni mtu wa zamani wa Jidda amenitumia kitu bila maneno. Nikafungua. Hema kubwa, viti vyeupe vimevalishwa vitambaa, watu wamejaa hadi nje, na katikati yao Nabii mwenyewe, amenenepa, suti rangi ya maziwa, viatu vyeupe, anatembea jukwaani akijipangusa jasho kwa taulo ambalo kuna mtu mzima ameandikwa kazi ya kulishika. Anaeleza vile alivyofanya kazi ya Bwana huko Arabuni. Anasema kulikuwa na mama mmoja wa Riyadh anaitwa Rispa, mguu wake wa kulia umeoza, madaktari wamekunja mikono, na yeye akauamuru mguu upone, na yule mama akatembea mwenyewe hadi kwa ndege. Hema lote likasimama. Mimi niliacha pasi juu ya shati la watu hadi likatoa moshi. Shati nililipa na sijuti, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba hii stori mtu ataisimulia vile ilivyokuwa, na huyo mtu ni mimi. Wenye upole waandike yao kwa upole.

Mimi ni mtu wa mdomo, niseme mapema msije mkashangaa mbele. Shule niliacha nikiwa darasa la saba. Kiarabu nilijifunza kwa kugombezwa, na Biblia niliisoma yote mwenyewe kwa simu, nimekaa chooni kwa bosi wangu, mtaa wa Suwaidi huko Riyadh, kwa sababu choo ndicho chumba pekee kilichokuwa na kufuli upande wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Madam alizoea kuniuliza tumbo langu lina nini. Nikimwambia ni pilipili anacheka, anasema Wakenya wote matumbo yao mabovu. Alikuwa na watoto watano na hasira kama zangu, kwa hivyo tulielewana: anapiga kelele, napiga kelele, halafu ananiambia yalla, niweke chai, tunakunywa. Sikukaa vibaya. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia Saudia wanataka nilie, na kuna waliolia, nawajua, na kilio chao ni cha kweli. Lakini mwaka ule aliyeniliza mimi si Mwarabu.

Chumba changu kilikuwa juu kabisa, karibu na mashine za kufua. Kuta za nyumba za kule zimepakana, kwa hivyo mahali pangu pa kuanikia nguo palikuwa pamegusana na pa jirani, katikati ukuta wa kufika kifuani. Upande wa pili ndiko alikokuwa dada Rispa. Alikuwa amenizidi miaka kumi na kitu, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole hadi anakukasirisha. Alikuwa akimfanyia kazi mama mmoja mzee mjane tuliyemwita Hajja. Rispa ndiye alinifundisha kila kitu. Kanzu ya mzee inapuliziwa wanga kabla ya pasi, si baada. Ukiulizwa umemaliza kazi usijibu mafi, yaani hakuna, hiyo ni kama kumpiga madam kofi, sema inshallah halafu ukimbie. Alinifundisha kusonga ugali kwa unga wa semolina na kukaanga majani ya jarjiri badala ya sukuma, na tulikuwa tunapitishiana sahani juu ya ule ukuta, mimi nikimletea wali uliobaki na yeye akinipa ugali. Nilikuwa namwambia ugali wake una ladha ya biskuti. Ananiambia, Syo, kula unyamaze, huko kwenu Ukambani mnakula nini zaidi ya mawe. Mtu akinitukania kwetu huwa nachomeka, lakini Rispa alikuwa na ruhusa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Wenye nyumba wakienda msikitini, sisi tunapanda juu, tunawasha mashine za kufua hata kama hakuna nguo, ili zile kelele zifunike nyimbo, na tunaimba kwa sauti ya chini, yeye upande wake na mimi upande wangu. Mahubiri yalikuja kwa simu. Kulikuwa na grupu la wanawake Wakristo, wengi sana, Riyadh, Jidda, Dammam, na ndani yake ujumbe wa sauti wa Nabii. Alikuwa amekuja Saudia kama dereva, kazi akaiacha, akasema ameitwa. Jina lake silitaji, tulimwita Nabii kwa sababu ndivyo alivyotaka. Mnajua vile tulivyomsikiliza? Waya wa simu unaupitisha chini ya mtandio hadi sikioni, madam haoni, na wewe unaosha vyombo, unakunja shuka, unamwogesha mtoto wa watu, na wakati wote huo kuna mwanaume anakuongelesha ndani ya kichwa. Siku nzima. Mwaka mzima. Hata sauti ya mama yako hujawahi kukaa nayo hivyo. Ndiyo maana huwa sipendi mtu akicheka ati wale wanawake walikuwa wajinga. Vaa mtandio, tia huo waya sikioni miezi kumi na miwili bila mtu wa kukuita kwa jina lako, halafu uje tuongee.

Rispa alikuwa na sukari. Hajja alijua. Mwenyewe alimpeleka hospitali, mwenyewe alimnunulia dawa, na zilikaa mlangoni mwa friji pamoja na maziwa ya labani. Kitu Hajja hakujua ni kidonda. Kilianza kama lengelenge la kiatu chini ya kidole gumba, kikakataa kukauka. Rispa alikuwa anaogopa Hajja akikiona atasema halas, atamrudisha Kenya kabla ya mkataba kuisha, na binti yake alikuwa chuo cha uuguzi, amebakisha mwaka mmoja tu. Siku moja alinionyesha. Alikaa juu ya mashine yao ya kufua, akanielekea, akaupandisha mguu juu ya ukuta, na mimi nikainama upande wangu nikauangalia. Niliona kitu ambacho sikupenda. Nikamwambia tumwambie Hajja. Akaniapisha. Nikaapa.

Kiapo nilikishika, kwa Hajja. Lakini nilikuwa naogopa, na mtu akiogopa anamwambia Mungu, na sisi njia yetu ya kumwambia Mungu ilikuwa Sista Loise. Huyo alikuwa katibu wa Nabii. Sheria ya grupu ilikuwa hivi: maombi hayatumwi mbele ya watu wote, yanatumwa kwa Sista Loise peke yake, kwa sauti, na unataja jina, nyumba iko wapi na shida yenyewe waziwazi, kwa sababu ombi lisilo wazi linajibiwa bila uwazi. Nilikuwa nimeshasoma Biblia hadi mwisho na sikuona pahali Mungu anahitaji kuelekezwa nyumba. Lakini nilimpenda Rispa zaidi ya nilivyoamini akili yangu. Jumanne nikajifungia chooni nikarekodi.

Ijumaa Nabii akaja na unabii. Sauti yake ilikuwa imetiwa mwangwi kama mtu anaongea kutoka kisimani. Akasema anaona mama, jina linaanza na R. Anaona Suwaidi, geti la kijani. Anaona mguu, mguu wa kulia, na kidonda kisichokauka. Na Bwana anamwambia huyo mama kwamba kidonda ni alama ya minyororo ya Firauni, kwamba dawa za Misri haziwezi kumponya mtu Misri yenyewe ikiwa imemshika, na kwamba atoke, aje Jidda, kuna nyumba imeandaliwa, na siku atakapotoka kidonda kitafunga. Nilikuwa nimeshika sufuria. Nakumbuka hilo sufuria lilikuwa la mchuzi wa bamia, na nakumbuka niliwaza kitu kimoja tu: hayo maneno ni yangu.

Nilipopanda juu Rispa alikuwa ukutani ananingoja, analia na kucheka pamoja. Mwaka mzima nilikuwa sijamwona akicheka hadi meno ya nyuma.

"Syo, umesikia? Ameniona. Mimi, Rispa, ameniona."

Nikamwambia, "Dada, lakini wako ni wa kushoto."

Akaangalia miguu yake kama mtu ambaye hajawahi kuihesabu. Halafu akapunga mkono. "Sasa wewe. Nabii ananiona kwa mbele. Akisimama mbele yangu, huu si uko kwa mkono wake wa kulia? Hata wewe hapo ulipo. Angalia."

Nikaangalia. Kwa hakika mguu wake mbovu ulikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Na ndivyo nilivyokuwa nimemwambia Sista Loise, mguu wa kulia, kwa sababu ndivyo nilivyouona siku ile umelazwa juu ya ukuta. Sasa niambieni: Mungu gani anamwangalia Rispa akiwa amesimama upande wangu wa ukuta, kati ya kamba zangu za nguo?

Nilipaswa kusema hapo hapo. Mimi niliyewahi kumjibu madam mbele ya wageni, mimi niliyemtukana mwenye gari la maji kwa lugha nisiyoijua, nilinyamaza. Alikuwa anacheka. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikamwona amefunga kitambaa cheupe kichwani kama mtu wa kubatizwa, nikasema kesho tena. Hizo siku tatu ndizo za pekee maishani mwangu ambazo nimenyamaza, na nikiambiwa nichague siku za kufuta, sitafuta hata siku moja ya kupigiwa kelele na madam. Nitafuta hizo tatu.

Siku ya nne asubuhi nilisikia Hajja anaita ng'ambo ya ukuta. Rispa, ya Rispa. Baadaye nikasikia fimbo yake inagonga ngazi, ngazi moja baada ya nyingine, na yule mama ambaye hajawahi kupanda juu tangu niingie Suwaidi akatokeza kwa kamba za nguo, anahema. Akaniuliza Rispa yuko wapi. Nikasema sijui. Na kweli sikujua ni Jidda wapi. Mkononi alikuwa ameshika boksi la dawa. Alisema kwa Kiarabu cha polepole, kama mtu anayeongea na mtoto, "Dawa zake ameziacha." Hakusema ameniibia, hakusema atakiona. Alisema dawa zake ameziacha. Firauni nimewaona Saudia, nina orodha. Lakini yule aliyepanda ngazi na magoti yake yale hakuwa mmoja wao.

Mnaojua Saudia mnajua maana ya kutoroka. Ikama yako, kile kibali cha kuishi, inakuwa karatasi tu, kafili wako, bosi aliyekuleta, ameshakuripoti, huwezi hospitali, huwezi uwanja wa ndege, huwezi hata kugombana na mtu wa duka. Na hapo ndipo Nabii alipokuwa anawataka. Nilielewa baadaye, nikiunganisha jumbe za Ijumaa moja moja. Kila wiki mwanamke mmoja alikuwa anatoka Misri, na nchi ya ahadi ilikuwa ghorofa ya nne mtaa wa Kandara, Jidda, vyumba viwili alivyokodisha yeye, na asubuhi anawapeleka kazi za kutwa, kufagia, kufua, kulea, na jioni jasho lao lote linaenda madhabahuni. Mwanzoni nilikuwa nasikia sauti ya Rispa ikitoa ushuhuda. Kidonda kinakauka, alisema. Kidonda kinakaribia kufunga. Baadaye akasema imani inajaribiwa. Halafu hakusikika tena.

Likizo ya shule ilipofika, madam akasema tunaenda Jidda, watoto wanataka bahari. Walipanga nyumba ya vyumba vingi, na mimi nikapewa kulala jikoni, karibu na friji. Dereva wa familia alikuwa Bakari, mtu wa Malindi, Mwislamu, mzaha mtupu, lakini moyo wake kama mkeka, kila mtu anakalia. Nilimwomba anipeleke Kandara siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wenyewe wakilala. Nikamweleza yote tukiwa tunaosha gari. Alisikiliza hadi mwisho, akakamua kitambaa.

"Kwa hivyo mimi, Bakari, nitoke msikitini nikupeleke wewe kanisani, tena kanisa la kujificha, na gari la bosi. Nikifukuzwa utanioa?"

"Nitakulisha ugali wa semolina."

"Basi heri jela," akasema. Halafu akaacha kucheka. "Usidhani ni nyinyi tu, mwanangu. Na kwetu wako. Mtu akishajua unaogopa nini, ana chakula cha maisha. Saa nane uwe chini."

Kandara ni mitaa ya zamani, nyumba zimebanana, chini maduka ya simu na mabegi na sahani za wali, juu nguo zimeanikwa hadi hujui ukuta ni wa rangi gani. Bakari aliegesha mbele ya duka la viatu akasema ananingoja, lakini nisimzeeshe. Nilipanda ghorofa nne. Kwenye ngazi kulikuwa na harufu ya udi, na chini ya udi harufu nyingine ambayo nilijifanya siijui. Mlango ukafunguliwa na Sista Loise mwenyewe, mwanamke mdogo mwembamba, akanikumbatia akiniita kwa jina. Sikushangaa. Jina langu alikuwa nalo kwa simu, kwa sababu jana yake nilimwandikia anielekeze nyumba.

Chumba nakiona hadi leo. Wanawake kumi na mmoja chini, wamekunja miguu, magodoro yameegemezwa ukutani. Mbele yao kiti kimoja, kile kiti kikubwa cheusi cha ofisi cha mtu mkubwa, bado kimevaa nailoni ya dukani, na mtu akinyanyuka au akikaa inalia. Yeye ndani yake. Saa ya dhahabu, pete mbili. Ilikuwa saa ya chakula. Wanawake walikuwa na mikate ya khubzi na chai ya rangi, na mbele yake sinia la wali na kuku mzima, limefunikwa na karatasi ya fedha, na mwanamke mmoja amepiga magoti anamchambulia mifupa. Hilo la kuchambuliwa mifupa ndilo lilinipandisha. Mimi nimechambulia mifupa mtoto wa miaka mitatu. Nikamtafuta Rispa kwa macho nikamkosa, hadi akanyanyua kichwa, nikaona ni yeye. Alikuwa pembeni, karibu na dirisha, mguu umefungwa kanga na kunyooshwa mbele. Wenzake walikuwa wamejisogeza kidogo, kwa heshima, kwa sababu ya harufu. Akatabasamu akasema, "Syo, na wewe umetoka?"

Nabii akafurahi sana. Akasema Bwana alikuwa amemwonyesha kwamba leo atakuja binti mwenye hasira, na akaanza kunitabiria, ati mdomo wangu utakuwa upanga. Nikamwambia mdomo wangu umeshakuwa, asiutabirie, na nimekuja kumpeleka dada yangu hospitali. Akacheka kwa upole. Akawauliza wanawake, jamani, Misri kuna nini? Wakajibu pamoja, dawa. Na kwa Bwana kuna nini? Uponyaji. Kumi na mmoja, kwa sauti moja, na ya Rispa ikiwemo. Ndipo nikaelewa kwamba nikibishana naye maandiko nitashindwa. Si kwamba alikuwa anajua Neno kunishinda, lakini kiti kilikuwa chake. Akaanza ile ya watu wasiomwogopa aliyepakwa mafuta na kilichowapata. Nikatoa simu.

Nilikuwa sijafuta. Mimi huwa sifuti kitu. Nikatafuta ule ujumbe wa Jumanne, nikaweka sauti juu kabisa, na chumba kizima kikasikia sauti yangu mwenyewe, na nyuma yake maji ya choo cha Suwaidi yanadondoka: Bwana asifiwe Sista Loise, naomba mnisaidie kumwombea dada yangu Rispa, yuko Suwaidi, nyumba yenye geti la kijani karibu na yetu, ana sukari na ana kidonda mguu wa kulia hakikauki, anaogopa kumwambia kafili wake. Amina.

Hakuna aliyetafuna. Nikasema, "Dada, ni wa kushoto. Mimi ndiye nilikosea. Yeye alisema kulia kwa sababu mimi nilisema kulia."

Mwenye kiti alikuwa mwerevu, nampa hiyo. Hakutetereka. Akasema Bwana hutumia chombo chochote, hata punda aliwahi kutumwa na ujumbe, na leo tumemwona punda wetu. Wanawake wengine wakacheka, kicheko kile cha kuomba ruhusa. Sikumwangalia. Nilikuwa namwangalia Rispa, na Rispa hakumwangalia yeye, alikuwa ananiangalia mimi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Pale ukutani."

"Na ukaninyamazia."

"Ndiyo."

"Nikapanda basi na wewe unajua."

Nikazima simu. Akasema, "Toka, Syo." Hakupaza sauti. Katika maisha yangu nimeambiwa toka na madam, na polisi, na mwanaume. Hakuna toka iliyonishinda kuijibu isipokuwa hiyo.

Nilishuka sijui vipi. Nikaingia kwenye gari nikaupiga mlango, Bakari akaniuliza dada yuko wapi, nikamwambia twende. Hakuwasha. Alisema ngoja amalize chai yake, na gilasi yake ilikuwa tupu, niliiona. Tukakaa. Nilikuwa nimemtukana Nabii kwa Kikamba, Kiswahili na Kiarabu hadi maneno yakaisha, ndipo Bakari akaniambia, "Angalia mlangoni."

Rispa alikuwa ameshuka ghorofa nne kwa makalio. Ngazi moja moja, mikono nyuma, mguu mbele. Alikuwa amefika ya mwisho, ameshika kiatu kimoja mkononi, nguo nyuma imekuwa vumbi tupu, jasho linamtoka, na watu wa duka la viatu wamesimama wanamwangalia. Nilikimbia kumshika akaniondolea mkono. Bakari ndiye alimbeba. Alipowekwa kwenye gari akamwambia, "Kaka, hospitali." Mimi akaniambia, "Wewe usiniongeleshe."

Na mimi, mtu wa mdomo, nikamtii.

Hospitali waliuliza ikama, na ikama ilikuwa imekufa. Bakari akaongea na daktari mmoja kando, Kiarabu kirefu chenye Mungu ndani mara nyingi, hadi daktari akaja akafungua ile kanga. Hakuuliza karatasi tena. Waliukata chini ya goti. Hajja nilimpigia mimi. Alitukana kwenye simu mpaka nikakaa chini, akatukana Kenya, akatukana mashine zangu za kufua, halafu akauliza kwa nini Rispa hakumwambia. Aliandika barua ya kuondoa ile ripoti, akasema hamdai Rispa kitu, na ndiyo maana Rispa alipanda ndege kama mtu mwenye jina. Madam wangu alinifungia simu mwezi mzima kwa kutoroka na gari, na Bakari akakatwa mshahara, na hajawahi kunilaumu hata siku moja, ila kila akiniona anauliza ndoa yetu ni lini. Wanawake wengine wawili waliondoka kile chumba baada ya wiki ile. Wanane walibaki. Nasema ukweli wote, hata usiopendeza: wanane walinisikia kwa masikio yao na wakabaki. Mmoja wao ndiye aliyenitumia video.

Rispa alikaa miezi saba bila kuniongelesha. Nilikuwa namtumia ujumbe kila Ijumaa, mashine zikizunguka. Halafu Ijumaa moja akatuma sauti ya sekunde chache: binti yake anacheka kwa nyuma, na yeye anasema, "Syo, ugali wa kwetu hauna ladha ya biskuti." Nilikaa chini chooni na mlango nikauacha wazi.

Basi baada ya ile video nilifunga duka nikapanda gari la Bungoma. Nilimkuta uani, ameketi kwa kiti cha plastiki anapembua maharagwe, magongo yameegemea ukuta. Binti yake alikuwa zamu, ni muuguzi sasa, sukari ya mama yake anaiangalia mwenyewe. Nilikuwa nimejaa hasira njia nzima, nina mipango ya polisi, ya redio, ya kwenda kusimama kwenye lile hema. Nikampa simu. Aliangalia mpaka mwisho. Ilipofika pale anapouamuru mguu, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Halafu akauliza kama bado niko kwenye lile grupu. Nikamwambia hawakuwahi kunitoa, labda walisahau.

"Rekodi," akasema. "Picha na sauti."

Nikainua simu. Akaweka sinia la maharagwe chini, akajipangusa mikono, akavuta leso juu hadi goti, akanyoosha mbele ya simu kile kilichobaki. Nikamwambia dada, ngoja nikae upande wako, watu wasije wakachanganya. Nikahamisha kiti, nikakaa bega kwa bega na yeye, tukaangalia upande mmoja.

"Mimi ni Rispa wa Suwaidi," akasema. "Niko hai, na nimekatwa. Ni wa kushoto."

Akaangalia kama nimemaliza. Nikaituma.